Nafsi ya Tatu, Umoja

Darasa liko juu, banda langu liko chini,
Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani.
Saa kumi na mbili na nusu nafunga,
nanawa grisi kwa sabuni ya unga na mchanga,
haitoki yote,
napanda ngazi na daftari langu la kwaya mbili.

Mwalimu Perpetua Mhina keshaandika ubaoni:
Ai go. Yu go. Shi gozi.

Tuko saba. Yupo Mbaruku wa bandarini,
yupo Bi Mwantumu muuza samli,
yupo kijana wa kiwanda cha saruji, vumbi mpaka kwenye kope,
ambaye husinzia kabla hatujafika kwenye kitenzi.

Jana tulishindana na *de*.
Si baiskeli yoyote, akasema mwalimu,
ni ile tunayoijua sote.
Hapo nilielewa upesi. *De* ni washa:
kijidude chembamba, hakuna mteja anayekiulizia,
ukikisahau nati inacheza, gurudumu linayumba,
na mtu mzima anaanguka mbele ya soko la Mgandini.

Bi Mwantumu akainua mkono:
"Kwani sisi hatuna washa?"
"Mnayo. Mmeificha ndani ya *ile*,
hamuitoi mpaka mgombane.
Nirudishie ile sufuria yangu!"

Leo ni *s*.
Mimi naenda, sina *s*. Wewe unaenda, huna.
Sisi, ninyi, hata wale, wote wanapita bure.
Ni yeye tu, peke yake,
anayesemwa na hayupo chumbani,
ndiye anayetozwa.

"Kama ushuru," akacheka Mbaruku.
"Na *waja leo waondoka leo*, hiyo nayo inalipa?"
Mwalimu akanyamaza, chaki kidevuni.
"Anayekuja ni nani? Ni wewe, au ni wale?"
Tukatazamana.
Tumezaliwa na msemo huo, tumewatambia nao wageni,
na hakuna aliyewahi kuuliza ni nani.
"Vyovyote iwavyo," akasema, "haina *s*."

Ikafika zamu yangu. Sentensi tatu,
za mtu mmoja wa nyumbani kwako.
Nikasimama.

Mai dota wek in Lidz.
"Weks," akasema mwalimu.
Shi liv in a smoli haus.
"Livz."
Shi sendi mani.
"Sendz. Sikiliza mwisho wake, fundi."

Nikasikiliza.
Miaka ishirini na sita sauti hiyo ndiyo ugali wangu,
naitafuta kwa sikio kabla ya jicho:
sss,
tyubu inavuja, tundu dogo kuliko la sindano.
Unaijaza upepo, unaizamisha kwenye beseni,
unaizungusha polepole
mpaka povu liseme ni hapa.

Kumbe ndivyo walivyofanya wenye lugha yao.
Mtu akishakuwa mbali, kitenzi chake wanakitoboa.

Sikuyasema hayo. Niliandika *s* tatu, nikaketi,
na yule kijana wa saruji akakoroma kidogo.

Ijumaa, simu ikalia. Hakuwa Sharifa,
alikuwa mwanawe, Maysa, miaka sita,
Kiswahili chake ni *babu* na *chapati*, basi.
Nilikuwa nimejiandaa tangu alasiri,
nimeliandika swali kwenye boksi la betri:
Wea iz yo mama?

"Shi weks nait," akasema mtoto,
akaipitisha ile *s* kama pumzi,
bila kuijua, bila beseni, bila povu.

Ai nou, nikamjibu.
Ai nou, Maysa.
Mimi sina *s*.

Asubuhi nilikuta pancha tano zinanisubiri mlangoni,
na mama mmoja anayedai eti ile ya kwake
haivuji, imechoka tu.